Je, Wajua? Kahawa ya Mbozi na majina inayovaa ugenini

Je, wajua kwamba Mkoa wa Songwe una umri mdogo kuliko mibuni mingi iliyomo ndani yake? Mkoa ulizaliwa mwaka 2016, ulipomegwa kutoka Mbeya na makao makuu yake yakawekwa Vwawa. Mbuni uliotunzwa huzaa miaka thelathini na zaidi. Ukichoka, hukatwa shina karibu na ardhi, huachiwa machipukizi mawili matatu, nao huanza ujana mpya. Kwa hiyo kahawa inayotajwa leo kuwa ya Songwe, kwa wazee wa Igamba na Iyula ni ile ile ya Mbozi, na katika safu hii nitaiita hivyo.

Je, wajua kwamba Tunduma, mji unaokuja kwanza kichwani mwa Watanzania wengi wakisikia Songwe, hausifiki kwa kahawa? Sifa yake ni mpaka, malori na biashara. Kahawa iko nyuma yake, ukirudi kwa barabara kuu kuelekea Mbeya: Vwawa, Mlowo, kisha vijiji vya uwanda wa Mbozi, kati ya mita 1,400 na 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku Momba, unaposhuka kuelekea bonde la Rukwa, joto ni kali mno kwa arabika. Milima ya Ileje nayo ina kahawa yake, lakini mzigo mkubwa unatoka Mbozi.

Je, wajua kwamba Mbozi ina msimu mmoja tu wa mvua, na kwamba huo mmoja ni bahati kwa kahawa? Mvua huanza karibu na Novemba na kukoma karibu na mwisho wa Aprili. Mibuni huchanua mvua za kwanza zinapoigusa, matunda hukua miezi saba hadi tisa, na yanapoanza kuiva mbingu zimekwishafunga. Mavuno yanaangukia kipupwe: jua kavu mchana, baridi kali usiku, upepo. Mkulima wa mahali penye misimu miwili ya mvua huanika kahawa akitazama mawingu. Wa Mbozi huanika akijua kesho kutakuwa na jua.

Ubaya wake nao upo. Miezi hiyo mikavu mibuni hupata kiu, na asiye na matandazo ya kutosha au maji ya kumwagilia huona majani yananyauka huku mti bado una mzigo.

Je, wajua kwamba ua la kahawa huishi siku mbili tatu tu? Shamba zima huwa jeupe kwa pamoja, hunukia asmini, halafu basi.

Na je, wajua kwamba nyuki anayefyonza ua hilo hupata kafeini? Mwaka 2013 jarida la kisayansi la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kuwa kafeini kidogo iliyomo kwenye nekta huimarisha kumbukumbu ya nyuki, hata akaikumbuka harufu ya ua kwa muda mrefu zaidi. Arabika inaweza kujichavusha yenyewe, lakini nyuki wakiwepo matunda hushika vizuri zaidi. Mwenye mizinga pembeni ya shamba lake la kahawa anavuna mara mbili.

Je, wajua mibuni ya Mbozi ina ukoo gani? Hapa nitakaa kidogo, maana safari yenyewe ni ndefu.

Arabika chanzo chake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia. Ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen. Mwanzoni mwa karne ya 18 Wafaransa wakaitoa Yemen wakaipanda kwenye kisiwa cha Bourbon, ambacho leo kinaitwa Réunion. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, ndio waliokuja na miche kutoka kisiwa hicho, na katika miaka ya 1890 kahawa ikafika Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Aina hiyo hadi leo inaitwa Bourbon, jina la zamani la kisiwa.

Tawi la pili la ukoo limepitia India. Kule, mapema katika karne ya 20, shambani kwa mlowezi aliyeitwa Kent, palionekana mibuni iliyostahimili ugonjwa wa kutu kuliko mingine. Mbegu zake zikasambaa hadi Afrika Mashariki.

Kituo cha utafiti cha Lyamungu, mkoani Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1934. Wataalamu wake walichambua mti mmoja mmoja, wakachagua iliyozaa sana na yenye ladha nzuri. Kutoka Bourbon wakapata N39. Kutoka Kent wakapata KP423. Aina hizo mbili ndizo zilizoenea katika mashamba ya arabika nchini, Mbozi ikiwemo. Yaani mti uliosimama nyuma ya nyumba Isansa una babu wa Ethiopia, na njia yake imepita Yemen, kisha Réunion au India, kabla ya kufika Tanganyika. Nikilifikiria hilo nashindwa kuiita kahawa zao la kigeni, maana imerudi bara lake kwa mlango mwingine.

Je, wajua kwamba kahawa ya Ufilipino iliangushwa na ugonjwa ambao hata mkulima wa Mbozi anaufahamu vizuri?

Kutu ya majani husababishwa na kuvu. Madoa ya rangi ya machungwa hutokea chini ya jani, jani hupukutika, mti hubaki matawi matupu. Wazungu waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1861, kwenye kahawa iliyokuwa karibu na Ziwa Nyanza, hapa hapa kwetu. Mwaka 1869 ukaonekana Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na ndani ya miaka ishirini hivi kisiwa kikaachana na kahawa kikageukia chai. Java nayo ikapigwa. Kadiri wengine walivyoanguka, bei ikapanda, na mji wa Lipa katika jimbo la Batangas, Ufilipino, ukafanya biashara kubwa. Utajiri ulikuwa mwingi kiasi kwamba mwaka 1887 Malkia Maria Cristina wa Uhispania, taifa lililokuwa likiitawala nchi hiyo, aliupandisha Lipa hadhi kwa amri yake.

Miaka miwili baadaye, 1889, kutu ikafika Batangas. Wadudu wakamalizia. Familia zilizokuwa zimejenga majumba ya mawe zikang'oa mibuni na kupanda mazao mengine.

Kilichosalia hadi leo na kubeba sifa ya mkoa ule ni barako, kahawa ya aina ya liberika, mti mrefu wenye majani mapana na harufu nzito. Nayo asili yake ni Afrika, upande wa magharibi. Wafilipino wanaitunza kwa fahari kama urithi wao, na jina la mahali halijatengana nayo: ukitaja barako, mtu anajibu Batangas.

Je, wajua kwamba dawa ya ugonjwa ule imetoka pande zile zile? Katika kisiwa cha Timor, katika miaka ya 1920, ulionekana mti uliozaliwa kwa arabika kuchanganyika na robusta bila mkono wa mtu. Ulikuwa na sura ya arabika na ukinzani wa robusta dhidi ya kutu. Wazalishaji wa mbegu duniani kote, Lyamungu wakiwemo, wameitumia damu hiyo ya Timor. Waliitumia pia kahawa ya porini kutoka nyanda za Boma, Sudan Kusini, inayojulikana kama Rume Sudan, kwa sababu yenyewe inahimili chulebuni.

Chulebuni ni nini? Muulize yeyote mwenye shamba la kahawa Mbozi, uso wake utakueleza kabla ya mdomo. Ni ugonjwa wa tunda bichi: doa jeusi lililozama, linatanuka, tunda linakauka likiwa mtini au linaanguka. Ulitambuliwa Kenya mwaka 1922 ukasambaa katika nyanda za juu za Afrika. Unapenda ubaridi na unyevu, hali ile ile inayopendwa na arabika yenyewe. Mwaka ambao mkulima hakupulizia dawa ya shaba na mvua ikawa nyingi, anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya zao lake akiliona kwa macho.

Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilianza kazi mwaka 2001 ikirithi Lyamungu. Kituo chake kidogo cha nyanda hizi kiko Mbimba, Mbozi. Kuanzia 2005 ilianza kutoa aina mpya za arabika zinazohimili chulebuni na kutu kwa pamoja. Aina hizi huzalishwa kwa mbegu maalumu, kwa kubebesha, au kwa vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vinavyooteshwa mizizi kitaluni. Kikonyo hakibadiliki tabia: anayekipanda anapata mti ule ule uliokatwa. Kwa mwenye ekari mbili tu, kupunguza mizunguko ya kupulizia dawa kunamaanisha ada ya shule ya mtoto imepatikana bila kukopa.

Je, wajua kwamba Mbozi kuna kimondo? Unajua, bila shaka, kila kitabu cha shule kimekitaja: chuma cha takribani tani 16 kwenye kilima cha Marengi, kilichojulikana kwa wageni mwaka 1930 ingawa wenyeji walikwishakiona zamani. Ila wageni wengi hukipiga picha na kuondoka bila kuuliza mashamba ya kijani waliyopita njiani ni ya nini.

Je, wajua kwamba Wamoravian walifungua misheni Mbozi mwaka 1899, na kwamba mashamba makubwa ya kwanza ya kahawa katika uwanda huu yalikuwa ya walowezi? Katika miaka ya 1920 na 1930 walowezi wa Kizungu, Wajerumani wakiwemo, walichukua ardhi Mbozi wakapanda kahawa. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939, mali za Wajerumani katika Tanganyika ziliwekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walioajiriwa kwenye mashamba yale walijifunza kupanda, kupogoa na kumenya. Kufikia miaka ya 1950 wakulima wadogo walikuwa wakipanda kahawa yao wenyewe kwa wingi. Leo yapo bado mashamba makubwa, lakini kahawa ya Mbozi kwa sehemu kubwa ni ya kaya: mume, mke, watoto waliorudi shule, na shangazi aliyekuja kusaidia mavuno.

Je, wajua inahitajika kahawa mbivu kiasi gani kupata kilo moja ya kahawa safi, ile ya kijani iliyo tayari kukaangwa? Karibu kilo sita. Na kwa kikombe kimoja kizuri, gramu kumi za kahawa iliyokaangwa, zinahitajika punje kama themanini, yaani matunda kama arobaini. Kila moja limechumwa kwa vidole.

Ufundi wenyewe ni huu, na naomba msomaji asiuruke.

Mchumaji huchuma matunda mekundu tu. Kwenye tawi moja huwa kuna mekundu, ya njano na ya kijani kwa wakati mmoja, kwa hiyo mti mmoja hurudiwa mara nyingi katika msimu. Anayekamua tawi zima kwa mkono mmoja anamaliza mapema na anaharibu kikombe cha mwisho. Matunda humwagwa majini: yaliyoliwa na wadudu na yaliyo matupu huelea, huenguliwa. Mazuri humenywa siku ile ile, kabla hayajaanza kuchacha ndani ya gunia.

Baada ya kumenywa punje hubaki na utelezi mtamu. Huwekwa kwenye tangi kuvundikwa, ili vijidudu viutafune utelezi ule. Hapa baridi ya Mbozi huamua ratiba. Kazi inayoisha kwa siku moja mahali pa joto, hapa Juni inaweza kuchukua siku mbili na zaidi. Hakuna saa inayomwambia fundi. Anaingiza mkono, anachota konzi, anasugua. Punje zikiteleza bado. Zikikwaruzana na kutoa sauti, tayari, zioshwe mara moja. Akichelewa, kahawa hupata uchachu wa kuoza ambao hauondoki tena, na konzi moja ya punje za namna hiyo inaweza kuliangusha gunia zima mbele ya mwonjaji.

Kisha kichanja. Punje hutandazwa nyembamba juu ya wavu uliofungwa kwenye meza ya miti, hewa ipite chini na juu. Siku za kwanza hufunikwa saa sita mchana, jua lisije likapasua ganda jembamba linaloilinda punje. Usiku hufunikwa kwa ajili ya umande. Akina mama hukaa pembeni wakipekua, wakitoa zilizopasuka, zilizomenyeka vibaya, zenye madoa. Siku kumi hadi kumi na nne, unyevu ukifika asilimia kumi na mbili au chini kidogo, inaingia guniani. Ikilala chini kwenye udongo badala ya kichanja, itanuka udongo hadi Hamburg.

Je, wajua kwamba zamani kazi hii yote ilifanyika nyumbani? Kila kaya ilikuwa na mashine ya mkono au iliazima kwa jirani, ikavundika kwenye ndoo na kuanika kwenye mkeka. Mafundi wazuri walikuwepo, ila kahawa ya nyumba mia moja ikichanganywa inakuwa na ladha mia moja. Mashine za pamoja za kumenya, ambazo wakulima wanaziita CPU, zilibadilisha hilo: kijiji kinaleta kahawa mbivu sehemu moja, inapimwa, inatengenezwa kwa mkono mmoja. Ndipo Mbozi ilipoanza kupata wanunuzi wanaotafuta kahawa maalumu, ile inayopata alama 80 au zaidi kati ya 100 mezani kwa waonjaji.

Je, wajua mwonjaji wa kahawa anafanyaje? Anasaga gramu nane na kidogo, anamwaga mililita 150 za maji ya moto, anasubiri dakika nne. Unga hupanda juu ukafanya utando. Anaupasua kwa kijiko huku pua yake ikiwa karibu kugusa kikombe. Halafu anavuta kijiko kimoja kimoja kwa sauti kubwa, ili kahawa isambae ulimi mzima, anatema, anaandika alama. Ukikuta chumba cha waonjaji sita kazini, usishangae kelele. Adabu ya mezani imewekwa pembeni kwa ajili ya kazi.

Je, wajua maana ya AA? Ni ukubwa tu. Kahawa iliyokobolewa hupitishwa kwenye machekeche, na punje zisizopita kwenye tundu la takribani milimita saba ndizo AA. Zinafuata A, B, C na kuendelea. Ukubwa si utamu. Nimewahi kusikia muuzaji akimwapia mteja kuwa AA ya popote ni tamu kuliko B ya popote. Si kweli, na wanaoonja kwa kazi wanakwambia hivyo.

Na PB? Hii ina hadithi yake. Kwa kawaida tunda la kahawa hubeba punje mbili zilizokumbatiana, kila moja ikiwa na upande bapa. Mara nyingine punje moja haikui, na ile iliyobaki hujaza nafasi yote ikawa ya mviringo. Hutokea katika matunda machache, kama asilimia tano hadi kumi. Kila nchi inayolima kahawa inazo, lakini Tanzania ilizichambua na kuziuza peke yake kwa bidii, hadi Marekani zimekuwa ndiyo sura ya kahawa yetu: maduka mengi ya wakaangaji kule, yakiwa na kahawa moja tu ya Tanzania, basi ni hiyo ya mviringo.

Je, wajua kwamba Mjapani anaweza kunywa kahawa ya Mbozi maisha yake yote bila kulisikia jina la Mbozi?

Mwaka 1936 Ernest Hemingway alichapisha hadithi fupi iliyotaja theluji za Kilimanjaro. Mwaka 1952 ikawa filamu, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa Japani. Filamu ilipendwa, jina la mlima likapendwa, na wafanyabiashara wa kahawa wakaliweka kwenye mifuko. Likashika. Leo kanuni za wafanyabiashara wa kahawa wa Japani zinaruhusu kahawa ya Tanzania kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro, isipokuwa ile ya Bukoba. Kahawa ya mchanganyiko nayo inaweza kubeba jina hilo mradi asilimia 30 au zaidi iwe ya Tanzania.

Kutoka Vwawa hadi kilele cha Kibo, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 800. Hakuna mtu Mlowo aliyewahi kuona theluji ile akiwa shambani kwake. Hata hivyo kahawa yake ikishapanda meli inakuwa Kilimanjaro.

Nakubali kwamba jina hilo limeuza. Limewapatia wakulima wa kusini soko ambalo wangelitafuta kwa miaka mingi. Lakini bei ya kahawa maalumu duniani siku hizi inafuata anwani: kijiji, mwinuko, chama cha msingi, aina ya mbegu. Mnunuzi wa London au Oslo anayelipa zaidi anataka kuandika mahali kwenye mfuko wake. Kahawa inayoitwa kwa jina la mlima wa mbali inauza sifa ya wengine, na sifa yake yenyewe haiwekewi akiba popote. Hilo linaniuma, na sioni kwa nini lisimuume kila mtu wa Songwe.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi kahawa ya Mbozi ilihukumiwa Moshi? Mnada wa Bodi ya Kahawa ulifanyika kule, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Sampuli zilisafiri, mkulima alibaki akisubiri habari. Mfumo wenyewe nao uligeuka mara kwa mara: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya 1982, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2018 serikali ikaagiza kahawa yote ya wakulima wadogo ipitie vyama vya msingi, AMCOS, hadi mnadani. Baadaye minada ikaanza kusogezwa kanda za uzalishaji, Songwe ikiwa mojawapo. Mkulima mwenye miaka sabini leo ameiuza kahawa ile ile kwa mifumo minne bila kuhama shamba.

Je, wajua kwamba Mbozi ina kiwanda chake cha kukobolea? Ganda jembamba huondolewa hapo hapo wilayani, na kahawa huondoka ikiwa imekwishapangwa madaraja.

Je, wajua kwamba shamba la kahawa sasa linahitaji ramani? Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa iingiayo huko ionyeshe mahali halisi ilipolimwa, na kwamba msitu haukukatwa hapo baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji umesogezwa mbele, lakini kazi ya kupima mashamba haiwezi kusubiri. Mibuni mingi ya Mbozi ilipandwa zamani sana kabla ya tarehe hiyo. Kinachotakiwa ni kuithibitisha kwa vipimo vya ramani, na mwenye ekari moja hawezi kuifanya kazi hiyo peke yake.

Je, wajua kwamba mpaka wa Tunduma uliamuliwa kwa sababu ya barabara? Katika mkataba wa mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Waingereza walihakikisha Barabara ya Stevenson, iliyounganisha maziwa hayo, inabaki upande wao. Wanyamwanga, wenyeji wa mpakani hapo, wakajikuta pande mbili. Mwaka 1976 reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa rasmi kwa Tanzania na Zambia, ikiwa imekatiza Mbozi na Tunduma. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kikazinduliwa. Na kahawa nayo imevuka: Zambia ilianza kuilima kibiashara katika miaka ya 1950, kwa mbegu zilizotoka Tanzania na Kenya, na mashamba yake mengi yako kaskazini, pande za Kasama.

Je, wajua Wahaya wa Kagera hutafuna kahawa? Robusta huchemshwa na majani yenye harufu, hukaushwa, hukaribishiwa mgeni ikiwa na ganda lake. Zamani watu wawili waliofanya undugu wa damu waligawana punje za tunda moja, kila mmoja akameza punje iliyopakwa damu ya mwenzake. Pwani kahawa ni chungu, ya birika la shaba, na kashata pembeni. Muscat, kwa ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili kule, inanukia iliki na inakuja na tende. Mbozi haina desturi ya kunywa kahawa iliyo kongwe kiasi hicho. Wengi wa waliozilima punje hizi walikua wakinywa chai.

Je, wajua dereva wa lori anayesubiri zamu yake Tunduma anakunywa kahawa ya wapi? Mara nyingi ni Africafé, ya unga unaoyeyuka, inayotengenezwa na TANICA kule Bukoba, upande wa pili kabisa wa nchi. Ni kahawa yetu, na kiwanda kile kimestahili heshima yake tangu miaka ya 1960. Lakini mibuni ya arabika iko mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwenye foleni ile, na vijana wachache wa mkoa wameanza kuikaanga, kuisaga na kuifunga wenyewe. Wanastahili kununuliwa.

Je, wajua namna ya kuikaanga nyumbani? Kikaango kizito, moto wa wastani, mwiko usiotulia. Punje zitakuwa njano, kisha kahawia, kisha zitaanza kupasuka kwa sauti karibu na nyuzi 200 za Selisiasi. Kahawa ya Mbozi, ikitolewa dakika moja au mbili baada ya mpasuko huo, hubaki na uchachu mtamu wa matunda. Ukiiacha hadi iwe nyeusi na kutoa mafuta, umeonja moto wala si shamba. Itapoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya uzito wake. Ipoze haraka kwenye ungo, iache ilale siku moja ndiyo uisage.

Na maji je? Wataalamu wanataka yawe na joto la nyuzi 90 hadi 96 yanapokutana na kahawa, gramu 60 kwa lita. Dar es Salaam maji yanachemkia nyuzi 100, kwa hiyo mtu huepua birika na kungoja kidogo. Lakini kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, kama nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwenye uwanda wa Mbozi, birika likiimba jikoni, maji yako karibu nyuzi 95. Hapo hapo, mwaga.